Vinywaji vya Matunda Mabichi Nyumbani: Usafi Unaochukua Nafasi ya Moto

Somo kwa wahudumu wa afya na wagonjwa wa Nyanda za Juu Kusini

Utangulizi

Mikoa ya Mbeya na Iringa haijakosa matunda. Rungwe ina ndizi na maparachichi. Kyela, chini kwenye joto la Ziwa Nyasa, ina maembe na mapapai. Kilolo na Mufindi zina pasheni, plamu, pichi na maparachichi. Na mapera humea karibu kila mahali. Ukishuka kutoka Iringa kuelekea Morogoro unapita Ruaha Mbuyuni, mahali palipobeba jina la mti wenyewe, ambako ubuyu huuzwa kando ya barabara kuu.

Hata hivyo, wingi wa chakula shambani haujawa afya mwilini. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto na viashiria vya malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba takriban asilimia 57 ya watoto wa Iringa walio chini ya umri wa miaka mitano wamedumaa, kiwango cha juu kuliko mkoa mwingine wowote nchini. Wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Mkoa unaolisha wengine una watoto ambao lishe yao haitoshi. Kwa hiyo swali la namna familia inavyotumia matunda yake si jambo dogo.

Sambamba na hilo, ushauri wa kula vyakula vibichi pekee, na hasa kunywa maji ya matunda badala ya mlo, umeenea kwa njia ya simu, vipeperushi na mazungumzo ya sokoni. Wagonjwa wa kisukari, wa shinikizo la juu la damu na wanaoishi na virusi vya UKIMWI huwauliza wahudumu wa afya: je, kinywaji hiki kinafaa? Jibu la «ndiyo» tupu au «hapana» tupu halimsaidii muulizaji. Somo hili linakusudia kutoa jibu linaloweza kutumika jikoni na zahanatini.

Malengo ya somo

Baada ya kusoma somo hili, msomaji ataweza:

1. Kueleza faida na mipaka ya ulaji wa vyakula vibichi.
2. Kutengeneza kinywaji cha matunda mabichi kwa usafi unaotosheleza.
3. Kutofautisha tunda zima, rojo la tunda na maji ya tunda yaliyochujwa.
4. Kuwatambua watu wanaohitaji tahadhari maalumu.

Ulaji wa vyakula vibichi ni nini?

Ni utaratibu wa kula matunda, mboga, njugu na mbegu pasipo kuvipika. Kwa kawaida wanaoufuata hawapashi chakula chao kupita nyuzi joto 40 hadi 48 za Selsiasi. Fikra hii si ngeni. Mwanzoni mwa karne ya 20, daktari Maximilian Bircher-Benner wa Zürich, Uswisi, aliwalisha wagonjwa wake matunda na mboga mbichi, wakati ambapo wataalamu wengi wa Ulaya waliona nyama na mkate kuwa ndiyo asili ya nguvu. Katika jambo moja historia imemuunga mkono: matunda na mboga ni sehemu ya lazima ya mlo. Shirika la Afya Duniani hupendekeza angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku kwa mtu mzima.

Lakini kuongeza vyakula vibichi katika mlo ni jambo moja, na kuviacha vyote vilivyopikwa ni jambo lingine. Mwaka 1999 watafiti wa Ujerumani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu 513 waliokuwa wakila zaidi vyakula vibichi kwa muda mrefu. Takriban asilimia 30 ya wanawake waliokuwa chini ya umri wa miaka 45 walikuwa wamepungukiwa au wamekosa kabisa hedhi, na uzito ulipungua kadiri sehemu ya vyakula vibichi katika mlo ilivyokuwa kubwa. Mwili uliokosa nishati huahirisha kazi ya uzazi ili kulinda uhai.

Hesabu ndogo huonyesha sababu. Glasi ya mililita 250 ya maji ya machungwa ina takriban kilokalori 110 na protini isiyofikia gramu 2. Mtu anayekunywa glasi nane kwa siku bila chakula kingine atapata chini ya kilokalori 900 na protini chini ya gramu 16. Mkulima anayepalilia mahindi Mbozi au anayechuma chai Mufindi anahitaji zaidi ya mara mbili ya nishati hiyo. Tena matunda hayana vitamini B12, na madini chuma yake ni machache.

Zaidi ya hayo, baadhi ya vyakula vikuu vya nyanda hizi vinauhitaji moto. Maharage mabichi yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuharisha, nayo huharibiwa kwa kuchemsha vizuri. Mihogo michungu isiyoandaliwa ipasavyo hutoa sumu ya sianidi. Maziwa mabichi yanaweza kubeba vimelea vya kifua kikuu cha ng'ombe na vya ugonjwa wa kutupa mimba, ambao kwa binadamu huleta homa za muda mrefu na maumivu ya viungo. Kwa hiyo msimamo wa somo hili ni huu: kinywaji cha matunda mabichi kiwe nyongeza ya mlo uliopikwa, kisiwe mbadala wake. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao.

Tunda zima, rojo, na maji yaliyochujwa

Tofauti kati ya hivi vitatu ndiyo msingi wa ushauri wote wa lishe unaofuata.

Tunda zima lina maji, sukari ya asili, vitamini na nyuzinyuzi. Nyuzinyuzi hupunguza kasi ya sukari kuingia katika damu, hulainisha choo na humfanya mlaji ashibe mapema. Chungwa moja la wastani lina takriban gramu 12 za sukari na gramu 3 za nyuzinyuzi.

Rojo ni tunda lililopondwa au kusagwa pamoja na nyama yake. Nyuzinyuzi nyingi hubaki, ingawa zimevunjwavunjwa, na mnywaji hulimaliza haraka kuliko ambavyo angetafuna.

Maji yaliyochujwa ni sukari, vitamini na maji, huku nyuzinyuzi zikiwa zimetupwa pamoja na makapi. Glasi moja ya maji ya machungwa huchukua machungwa matatu hadi manne na huwa na gramu 21 hadi 25 za sukari, sawa na vijiko vitano hadi sita vya chai. Katika mwongozo wake wa mwaka 2015, Shirika la Afya Duniani liliihesabu sukari ya maji ya matunda katika kundi moja na sukari ya mezani na asali, likashauri kundi hilo lisizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana lisizidi asilimia 5, yaani takriban vijiko sita vya chai kwa mtu mzima. Glasi moja tu inakaribia kufikisha kiasi hicho, hata kama hakuna punje ya sukari ya dukani iliyoongezwa.

Kanuni ya kukumbuka ni rahisi: kula tunda zima kwanza, ukitaka kinywaji, tengeneza rojo, ukichuja, kunywa kidogo.

Kinywaji kisichopita motoni

Mama anayepika ugali na mboga ana mlinzi asiyemwona. Hata kama maji aliyotumia hayakuwa salama, moto umeviua vimelea vingi kabla chakula hakijafika mezani. Kinywaji kibichi hakina mlinzi huyo. Chochote kilichokuwa katika maji, mikononi, kwenye kisu, kwenye ganda la tunda au kwenye barafu kitafika kinywani kikiwa hai. Kazi ya moto inabidi ifanywe na usafi.

Wengine hudhani ukali wa limau au pasheni unatosha kuua vimelea. Hautoshi. Mwaka 1996 nchini Marekani watu zaidi ya 60 waliugua, na mtoto mmoja akafariki, baada ya kunywa juisi mbichi ya matufaha iliyokuwa na bakteria wa kinyesi, ingawa tufaha ni tunda lenye asidi. Nasi tunajua kipindupindu kilivyotusumbua. Mlipuko ulioanza Agosti 2015 jijini Dar es Salaam ulienea katika mikoa mingi ya Tanzania Bara na Zanzibar na kudumu kwa miaka. Homa ya matumbo, kuhara damu, amiba na minyoo hupita njia ileile ya mikono na maji machafu.

Maji. Tumia maji yaliyochemshwa na kupoa ndani ya chombo chenye mfuniko. Jiji la Mbeya liko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji huchemka huko kwenye nyuzi joto 94 au 95 badala ya 100. Joto hilo bado linaua vimelea vya magonjwa, mradi maji yatokote kweli kwa dakika 1 nzima. Katika sehemu zinazozidi mita 2,000, kama vile vijiji vya juu vya safu za Uporoto na uwanda wa Kitulo, yaache yatokote kwa dakika 3. Pasipo kuni za kutosha, tumia dawa ya klorini ya kutibu maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti na usubiri dakika 30. Njia ya tatu ni kuanika maji maangavu katika chupa ya plastiki inayopitisha mwanga kwa saa 6 za jua kali, au siku 2 mfululizo kukiwa na mawingu. Barafu nayo itokane na maji yaliyotibiwa, kwa sababu kuganda hakuui vimelea vyote.

Mikono. Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde zisizopungua 20 kabla ya kushika matunda. Kibuyu chirizi kinatosha pale ambapo hakuna bomba. Mwenye kuharisha, kutapika au kidonda kilichoiva mkononi asiwaandalie wengine kinywaji.

Matunda. Chagua yaliyo imara, yasiyopasuka, yasiyotobolewa na ndege au popo na yasiyolala chini kwa muda. Lioshe kila tunda kwa kulisugua chini ya maji safi yanayotiririka, hata lile ambalo ganda lake litatupwa. Kisu kinachopita kwenye ganda chafu la parachichi hubeba uchafu hadi kwenye nyama yake. Kusugua na kumenya pia hupunguza mabaki ya viuatilifu juu ya ganda. Tunda lenye ukungu litupwe zima. Kukata sehemu iliyooza hakuondoi sumu zilizokwisha kusambaa katika tunda laini.

Vyombo. Kibao na kisu cha nyama visitumike kwa matunda kabla ya kuoshwa kwa sabuni na kusuuzwa kwa maji ya moto. Ukitumia blenda, fungua sehemu ya chini yenye visu na uoshe mpira wake, kwa maana ndipo mabaki hujificha. Chujio la nguo lichemshwe kila baada ya kutumika.

Muda. Kinywaji kibichi kinywewe mara kinapotengenezwa. Kikikaa zaidi ya saa 2 nje ya jokofu, kimwagwe; ndani ya jokofu kisizidi saa 24. Baridi ya Mbeya na Iringa isimdanganye mtu, kwani hewa ya nyuzi joto 15 si jokofu. Watu wa Iringa na Njombe wanalijua jambo hili kupitia ulanzi: utomvu mtamu wa mwanzi uliogemwa huanza kuchacha wenyewe na kugeuka pombe pasipo mtu kuutia chachu. Maji ya matunda hufuata mkondo huohuo. Yakitoa povu au harufu ya pombe, yamekwisha kubadilika.

Vinywaji vinne vya kutengeneza nyumbani

Vipimo hivi vinatoa glasi mbili isipokuwa palipotajwa vinginevyo. Kikombe ni cha mililita 250. Hakuna kinachohitaji blenda. Uma, mwiko, bakuli na chujio vinatosha. Sukari isiongezwe. Mtu aliyezoea utamu apunguze kidogo kidogo, na ulimi utazoea.

1. Rojo la parachichi na pasheni

Mahitaji: parachichi 1 la wastani lililoiva, pasheni 4, maji salama kikombe 1 na nusu.

Kata pasheni, kamulia nyama na mbegu zake katika bakuli, ongeza nusu kikombe cha maji na ukoroge kwa uma kwa dakika 2. Chuja. Usisage mbegu, maana huleta uchungu. Ponda parachichi mpaka lilainike kabisa, kisha mimina maji ya pasheni na maji yaliyobaki kidogo kidogo huku ukikoroga.

Nusu ya parachichi hutoa takriban kilokalori 160, nyingi kutokana na mafuta yasiyodhuru moyo, na sukari yake ni kidogo sana. Kinywaji hiki kinamfaa mgonjwa aliyekonda, anayepona au asiye na hamu ya kula.

2. Sharubati nzito ya mapera

Mahitaji: mapera 4 yaliyoiva, maji salama vikombe 2, maji ya nusu limau.

Kata mapera vipande, yaponde kwa mwiko au katika kinu kilichooshwa vizuri, ongeza maji, kisha sukuma nyama yote ipite kwenye chujio mpaka zibaki mbegu ngumu tu. Malizia kwa limau.

Pera lina vitamini C takriban mara nne ya chungwa la uzito uleule. Vitamini hiyo huusaidia mwili kufyonza madini chuma ya maharage na mboga za majani. Kwa hiyo sharubati hii inywewe pamoja na mlo, hasa na mama mjamzito au mwenye upungufu wa damu. Chai hufanya kinyume chake, nayo inazuia ufyonzaji huo. Katika nyanda zilimwazo chai, ni vyema isubiri saa moja baada ya chakula. Sharubati haichukui nafasi ya vidonge vya madini chuma na foliki asidi vinavyotolewa kliniki.

3. Papai, chungwa na parachichi

Mahitaji: papai lililoiva vipande vikubwa 2, chungwa 1, parachichi vijiko 2 vya mezani, maji salama nusu kikombe.

Ponda papai na parachichi kwa pamoja, kamulia chungwa, ongeza maji na ukoroge. Usichuje.

Rangi ya papai ni dalili ya viini ambavyo mwili hugeuza kuwa vitamini A. Viini hivyo hufyonzwa vizuri penye mafuta, na hiyo ndiyo kazi ya parachichi katika mchanganyiko huu.

4. Maji ya ubuyu (glasi 3)

Mahitaji: unga wa ubuyu vijiko 4 vya mezani, maji salama vikombe 3.

Loweka unga kwa dakika 15, koroga kwa nguvu, chuja mabonge. Ukitumia ubuyu wenye mbegu, loweka kwa nusu saa na usugue mbegu kwa mwiko mpaka ziachie unga wake. Chagua ubuyu mkavu usio na ukungu, si ule uliopakwa sukari na rangi.

Ubuyu huanikwa na kupimwa kwa mikono ya wengi, na ukavu hauui vimelea vyote. Mgonjwa mwenye kinga dhaifu autie unga katika maji yaliyotoka kuchemka, kisha auache upoe. Sehemu ya vitamini C itapotea, lakini usalama wake ni muhimu zaidi.

Wanaohitaji tahadhari maalumu

Watoto wachanga. Mtoto aliye chini ya miezi 6 apewe maziwa ya mama pekee. Hata maji ya machungwa kijiko kimoja hayamfai. Baada ya miezi 6, matunda yaliyopondwa ni sehemu nzuri ya chakula cha nyongeza. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unashauri maji ya matunda yawe machache kwa walio kati ya miezi 6 na 23, kwa sababu tumbo dogo likijaa maji matamu halibaki na nafasi ya uji wenye karanga, yai, maharage au dagaa. Katika mkoa wenye udumavu mkubwa, nafasi hiyo ni ya thamani. Asali isitolewe kwa aliye chini ya mwaka 1.

Mtoto anayeharisha. Maji ya matunda yenye sukari nyingi yanaweza kuzidisha kuharisha. Dawa yake ni maji ya ORS na vidonge vya zinki, pamoja na kuendelea kunyonya na kula.

Wenye kisukari. Wale tunda zima kwa kiasi, mara moja moja na si mengi kwa mkupuo, na waepuke maji yaliyochujwa. Ila mgonjwa aliyeshukiwa na sukari, anayetetemeka na kutoka jasho lakini bado anaweza kumeza, apewe nusu glasi ya maji ya matunda. Apimwe tena baada ya dakika 15, na kama sukari bado iko chini arudiwe. Hapo kinywaji kilekile kinakuwa dawa ya dharura.

Wenye ugonjwa wa figo. Parachichi, ndizi, machungwa na pasheni yana potasiamu nyingi. Figo zilizochoka hushindwa kuitoa, na ikizidi katika damu inaweza kusimamisha moyo. Wasitumie vinywaji hivi bila ushauri wa daktari.

Wanaotumia dawa. Balungi huongeza nguvu ya baadhi ya dawa katika damu, zikiwemo nifedipini ya shinikizo la damu na simvastatini ya kupunguza lehemu. Anayetumia dawa hizo aliepuke.

Wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/2023 ulikuta maambukizi miongoni mwa watu wazima kuwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, huku wastani wa taifa ukiwa 4.4. Kwa hiyo familia nyingi za nyanda hizi zina mtu anayetumia dawa za kufubaza virusi. Usafi wa kinywaji ni wa lazima kwake, kwani mwili wenye kinga iliyoshuka huumizwa na vimelea ambavyo mwingine angevistahimili. Na hakuna kinywaji kinachochukua nafasi ya dawa hizo. Mwaka 2011 maelfu ya watu walisafiri hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe kilichosemekana kuponya magonjwa sugu. Tukio hilo lilionyesha jinsi matumaini ya mgonjwa yanavyoweza kufungwa katika kikombe kimoja. Asiyekumbana na hukumu zahanatini atasema alichokunywa. Anayeogopa kukemewa atakificha, pamoja na habari kwamba ameacha dawa.

Kwa mhudumu wa afya: namna ya kuuliza

Mazungumzo yafuatayo ni mfano wa kufundishia. Mzee mwenye kisukari amefika kliniki.

Muuguzi: Shikamoo, mzee.

Mgonjwa: Marahaba, mwanangu.

Muuguzi: Sukari yako leo iko juu kuliko mwezi uliopita. Hebu nieleze, mzee wangu, umebadilisha nini katika chakula au vinywaji?

Mgonjwa: Soda nimeacha kabisa, kama mlivyotufundisha. Sasa nakunywa maji ya machungwa, glasi tatu kwa siku. Hayana sukari ya dukani.

Muuguzi: Kuacha soda umefanya vyema sana. Glasi moja unakamulia machungwa mangapi?

Mgonjwa: Manne hivi.

Muuguzi: Je, ungeweza kukaa ukala machungwa kumi na mawili kwa siku moja?

Mgonjwa: Tumbo lingekataa!

Muuguzi: Ndivyo, mzee. Tumbo linajua kipimo, glasi haijui. Tufanye hivi: chungwa moja asubuhi, ulile na nyama yake, kiu uikate kwa maji. Na dawa zako je, unaendelea nazo?

Mgonjwa: Naendelea, ila jioni husahau.

Tazama jinsi muuguzi alivyosifu kabla ya kusahihisha, alivyouliza idadi badala ya kukataza, na jinsi swali la kinywaji lilivyofungua habari ya dawa zinazosahauliwa. Kila mgonjwa wa muda mrefu aulizwe mambo manne: anakunywa nini, kiasi gani, kimetengenezwa kwa maji gani, na kimechukua nafasi ya kitu gani. Swali la nne ndilo linalofichua mlo ulioachwa au dawa iliyoachwa.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini tunda ambalo ganda lake litatupwa lioshwe kabla ya kukatwa?
2. Mama wa kijiji kilicho mita 2,200 juu ya usawa wa bahari ayachemshe maji kwa muda gani?
3. Ni katika hali gani maji ya matunda humfaa mgonjwa wa kisukari?
4. Kwa nini papai lichanganywe na parachichi?
5. Mtoto wa miezi 4 ana kiu wakati wa joto. Apewe nini?

Majibu: (1) Kisu hubeba uchafu wa ganda hadi kwenye nyama. (2) Dakika 3 za kutokota. (3) Sukari inaposhuka kupita kiasi, akiwa anaweza kumeza. (4) Mafuta husaidia ufyonzaji wa viini vya vitamini A. (5) Maziwa ya mama pekee.

Hitimisho

Matunda ya Nyanda za Juu Kusini ni neema iliyo karibu na bei yake ni nafuu kuliko ya vinywaji vya viwandani. Yakiandaliwa kwa maji salama na mikono safi, yakiachiwa nyuzinyuzi zake na kuwekwa kando ya sahani badala ya mahali pa sahani, huongeza kile ambacho ugali na maharage havina. Mhudumu wa afya anayesoma somo hili aanze na mgonjwa wa kwanza atakayemwona kesho: amuulize anakunywa nini nyumbani, kisha amsikilize mpaka amalize.